Mama Aliposhindwa Kusoma Kitabu Changu

Mama yangu anajua kusoma. Natanguliza hilo mapema, maana najua wapo watakaodhani hii ni ile hadithi ya mama wa shamba asiyejua a wala be na kijana wake aliyetoka shule. La hasha. Mama alimaliza darasa la saba, anasoma Biblia kila jioni, na siku ya kuuza pamba anaisoma risiti mpaka karani anaanza kutokwa jasho.

Kwa hiyo jioni ile nilipomkabidhi riwaya yangu, nakala ya kwanza kabisa, bado ina joto la mashine, nilikaa kwenye kigoda pembeni yake nikiwa na hakika kwamba ndani ya dakika tano atacheka au atalia. Akavaa miwani. Akakisogeza kitabu karibu na uso. Akakisogeza mbali. Akatoka nacho uani kufuata mwanga uliobaki. Akarudi. Akakifunga taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha bakuli la jirani.

"Mwanangu, nisomee wewe," akasema. "Hizi herufi ni za kusomwa na sisimizi."

Nilicheka, lakini kicheko kilinikwama kooni. Fedha za kuchapia kitabu kile zilikuwa zake. Laki mbili, za pamba, zilizotoka kwenye kitenge alichozifunga mwenyewe. Na aliyezigeuza kuwa nakala hamsini za kitabu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukisoma ni mimi.

Ndugu msomaji, hasa wewe mwenye muswada chini ya godoro, ngoja nikueleze ilivyokuwa, usije ukapita nilipopita.

Muswada wangu, Mavuno ya Machozi, niliuandika kwa mkono kwenye makaunta-buku matatu, kisha nikaupeleka kuchapwa kwenye duka moja la steshenari hapa Bariadi. Ukatoka kurasa 96 za A4, mistari imeachiana. Mimi nilitaka kitabu, siyo rundo la karatasi. Nilitaka kile kidogo cha kukunja katikati na kupiga pini, na nilikitaka kabla ya Nane Nane, nikauze kwenye viwanja vya Nyakabindi ambako watu hujaa. Tukapiga hesabu na kijana wa kompyuta. Laki mbili ingenipa nakala hamsini iwapo kila nakala ingekula karatasi 12 tu. Karatasi moja ya A4 ukiikunja inatoa kurasa nne ndogo, kwa hiyo nilikuwa na kurasa 48. Si zaidi.

"Punguza herufi," nikamwambia.

Akapunguza. Bado kurasa 80.

"Punguza tena."

Akapunguza. Kurasa 64.

"Hizo nafasi za pembeni nazo za nini? Zipunguze."

Hatimaye ikasoma 48. Tukapeana mikono kama watu waliomaliza kesi. Si yeye aliyekosea, yeye alifanya nilichomwambia. Mimi ndiye niliyekuwa nakata vitu nisivyovijua hata kwa majina, kama mtu anayechomoa nyaya za gari na kushangaa kwamba bado linawaka.

Pale Nyakabindi niliuza nakala saba. Wengi walikuwa wanafungua, wanakunja uso, wanarudisha. Nikajifariji kwamba watu wetu hawapendi kusoma, maneno tunayoyapenda sana sisi tunaojiita waandishi. Ndipo akaja mzee mmoja mwenye shati la mikono mifupi na kalamu mbili mfukoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanunua nakala bila kuomba kupunguziwa bei. Lakini badala ya kuondoka akatoa mfukoni rula ya chuma, nyembamba, imechakaa. Haikuwa rula ya shule. Akailaza juu ya ukurasa wangu, akafinya jicho moja.

"Pointi tisa," akasema. "Tena tisa ya Times. Nani alikupangia kurasa?"

Nikamtajia ni steshenari.

"Sikuulizi nani alibonyeza. Nani aliamua?"

Nikanyamaza.

Mzee yule, ambaye hapendi kutajwa jina, kumbe alikuwa msanifu kurasa wa magazeti Dar es Salaam miaka ya 1990. Baada ya vyama vingi kuruhusiwa mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yalizidi kufumuka kama uyoga, na vijana waliojua kupanga kurasa kwa kompyuta walikuwa wanagombewa. Yeye aliikuta kazi ikiwa bado ya mkasi na gundi: maneno yanachapwa kwenye safu ndefu za karatasi, unazikata, unazibandika kwenye meza yenye taa kwa chini, ukikosea mstari mmoja unabandua na kubandika upya. Kisha ikaja kompyuta na programu ya PageMaker, mkasi ukawekwa kabatini. Sasa amerudi nyumbani, analima, na sebuleni kwake maeneo ya Somanda ana kompyuta kuukuu ambayo PageMaker bado inafunguka. Ukiiwasha inakuja sura ya mtu wa kale imechorwa kwa upande. Nilimuuliza huyo ni nani. Akasema ni Aldus Manutius, mchapaji wa Venice, ambaye mwaka 1501 alianza kutoa vitabu vidogo vya kushikika mkononi, kwa herufi za kulala alizochongewa maalumu. Kampuni iliyotoa PageMaker mwaka 1985 ilijiita Aldus kwa heshima yake. Nikafurahi sana. Kumbe hata mimi na vitabu vyangu vya kupiga pini nina ukoo!

"Ukoo unao," mzee akasema, "lakini yeye vitabu vyake vilisomeka."

Basi nikaanza kwenda kwake kila Jumamosi.

Somo la kwanza lilikuwa ile rula. Inchi moja, aliniambia, inagawanywa mara 72, na kila kipande ndiyo pointi moja. Pointi 12 zinafanya paika moja, paika 6 zinafanya inchi. Ni kama robota na kilo, ukishajua uhusiano wake hutapeliwi mizani. Nikadhani basi herufi ya pointi 12 ina urefu wa pointi 12. Akatikisa kichwa. Kipimo kile kinatoka zama za herufi za risasi, wakati kila herufi ilikuwa imesimama juu ya kipande chake cha madini, na kinachopimwa ni kimo cha kipande, siyo cha herufi iliyo juu yake. Ndiyo maana pointi 12 za aina moja ya herufi zinaonekana kubwa na za aina nyingine ndogo. Ile Times New Roman tunayoipenda, ambayo kwa miaka mingi ukifungua Word ndiyo iliyokuwa inakupokea mlangoni, ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia mwaka 1932. Ni herufi ya gazeti. Imebanwa ili maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba. Ukiibana tena ilhali ilizaliwa imebanwa, unapata sisimizi wa mama.

Kisha akanifundisha kitu ambacho sikuwahi kukiona ingawa nimekitazama maisha yangu yote: nafasi kati ya mstari na mstari. Yeye aliiita ledi. Jina limetokana na vipande vyembamba vya risasi walivyokuwa wanavichomeka wachapaji wa kale kati ya mistari ili ipumue. Nikamwambia mzee, sisi vijana neno risasi tunalijua kwenye bunduki tu. Akacheka. Akafungua ukurasa mmoja wa riwaya yangu, akaupanga upya mara tatu bila kubadilisha herufi hata moja, akibadilisha ledi tu. Wa kwanza ulikuwa kama watu kwenye daladala la asubuhi. Wa pili walikuwa wamekaa. Wa tatu walikuwa wametawanyika mpaka hawajuani. Maneno ni yaleyale! Ile sentensi yangu ya kifo cha Ng'wigulu, ambayo kwenye kitabu nilichochapa ilipita kama tangazo la dawa ya panya, kwenye ukurasa wa pili ilinisimamisha mwenyewe.

"Pointi 11 kwa ledi ya 14," mzee akasema. "Ukimwandikia mtu mwenye miwani, anzia hapo."

Halafu akaniambia nihesabu herufi kwenye mstari mmoja wa kitabu changu, pamoja na nafasi. Nikahesabu: 95. Nikahesabu mwingine: 93. Akanieleza kwamba wapangaji wengi wa vitabu wanapendelea mstari wa herufi kati ya 45 na 75, na 66 ndiyo raha yenyewe. Si kwa ajili ya urembo. Jicho likifika mwisho wa mstari mrefu linatakiwa lirudi mwanzoni na kuukuta mstari unaofuata, na safari ikiwa ndefu mno linapotea, linarudia mstari uleule au linaruka mmoja. Nikamkumbuka mama pale uani, kidole chake kikitembea juu ya ukurasa, kinarudi, kinasita. Nilikuwa nimedhani anasita kwa sababu ya giza.

Pambizo nazo, zile nafasi za pembeni nilizoona ni ubadhirifu, kumbe kila moja ina kazi yake. Ya nje ni ya dole gumba. Ya chini inabeba namba ya ukurasa (kitabu changu hakikuwa na namba, tulizifuta kupata mstari mmoja zaidi, wendawazimu mtupu). Ya ndani, ile inayoingia kwenye mkunjo, mzee aliiita mfereji, na ukiifanya nyembamba maneno yanatumbukia humo na msomaji inabidi akivunje kitabu mgongo ndipo ayafikie.

Kuhusu aina za herufi sitasema mengi maana kila mtu mwenye simu anazichezea siku hizi. Zipo zenye viguu, yaani serifu, na zipo zisizo na viguu. Mzee hana ugomvi na yoyote. Ugomvi wake ulikuwa na jalada langu, lililokuwa na aina tano kwa pamoja, mojawapo Comic Sans, na jina la kitabu limepindwa kama upinde wa mvua lenye kivuli. Alilitazama kwa muda mrefu, akaliweka chini uso ukitazama meza. Tukaliandika jina upya kwa aina moja tu, herufi kubwa, na hapo akanionyesha jambo: kwenye neno MAVUNO, A na V zina mteremko unaofanana, ukiziacha zilivyo panabaki uwazi kati yao, na YA ndiyo hivyo hivyo. Inabidi uzisogeze kwa mkono mpaka zionekane zimesimama sawa na wenzao. Kazi hiyo inaitwa keningi. Nusu saa nzima tulisogeza herufi nne. Noma!

Ila kilichonikamata kweli, wenzangu, ni habari ya Kiswahili chenyewe kwenye ukurasa. Hii sikuwa nimeisoma popote.

Mzee alisimuliwa na waliomtangulia kazini kwamba enzi za kupanga herufi za risasi kwa mkono, seti ya herufi iliyonunuliwa kwa ajili ya Kiingereza ilikuwa tatizo kwenye Kiswahili. Kiingereza kinakula e kwa wingi, sisi tunakula a. Chukua ukurasa wowote wa Kiswahili, hesabu a, k na w, utaona. Mpangaji alikuwa anaishiwa a kabla ukurasa haujajaa, huku q na x zimekaa kwenye visanduku vyake zinakusanya vumbi. Na wala si kazi ya jana. Tangu miaka ya 1860 na 1870 Misheni ya Universities' Mission ilikuwa na mashine ya kuchapa Unguja, chini ya Edward Steere aliyekuja kuwa Askofu, na vijana waliookolewa kwenye majahazi ya utumwa walikuwa wanafundishwa kupanga herufi za Kiswahili moja moja, kinyumenyume kama kwenye kioo. Niliposikia hilo nilijionea aibu kulalamika kwamba kibodi ya steshenari inakwama herufi m.

Sasa kwenye kompyuta a haiishi. Lakini lipo jingine. Maneno yetu ni marefu. Kiingereza kinasema maneno matano mafupi, sisi tunasema hatukuwatambulisha, neno moja, tumemaliza. Ukiiamuru kompyuta inyooshe kingo zote mbili, kulia na kushoto, ile wanayoita jastifai, na neno kama hilo likagoma kuingia mwishoni mwa mstari, linashuka lote chini, na mstari uliobaki unavutwa kama ngozi ya ngoma ili ujae. Nafasi kati ya maneno zinapanuka. Zikifuatana mistari minne mitano unaona mto mweupe unatiririka katikati ya aya. Mzee alinigeuzia ukurasa wangu kichwa chini ili niache kusoma nitazame tu. Nikaiona mito. Mmoja ulipita katikati ya harusi.

Dawa ya mto ni kukata neno kwa kistari. Hapo ndipo penye vituko. Kompyuta isipoambiwa kwamba haya ni maneno ya Kiswahili, inayakata kwa kanuni za Kiingereza. Kwenye jaribio letu la kwanza ilimkata Ng'wigulu mara mbili, mara moja ikaacha Ng' peke yake mwisho wa mstari, kama mtu aliyekabwa na mfupa. Kitabu kikawa kit-abu. Na ndiyo hiyo hiyo inayotuwekea mstari mwekundu chini ya kila neno, ukurasa mzima unaonekana kama daftari la mwanafunzi aliyepata sifuri, ilhali Kiswahili kipo kwenye orodha ya lugha ndani ya Word, ni kukichagua tu.

Kanuni yetu wala haina ugumu. Silabi za Kiswahili karibu zote zinaishia na irabu, basi kata baada ya irabu: ki-tabu, mwali-mu, hatukuwatambu-lisha. Usitenganishe ng', ny, ch, sh, mb, nd na ndugu zake. Usiache herufi moja mwishoni, m- ya mtoto haiwezi kulala mstari wa juu na mtoto mwenyewe chini. Na jina la mtu, kama unaweza, usilikate kabisa, hasa majina yetu ya Kisukuma. Tulikata kwa mkono, neno kwa neno, riwaya nzima, Jumamosi nne. Ilikuwa mara ya kwanza nasoma kitabu changu kwa silabi, kama mtoto wa darasa la kwanza, na nikagundua kuna sentensi ambazo hata mimi sizipendi.

Sasa tulipopanga kila kitu kama inavyotakiwa, pointi 11, ledi 14, pambizo za haki, herufi 66 kwenye mstari, kitabu kikawa kurasa 96. Karatasi 24. Mzee akachukua karatasi 24 tupu akazikunja pamoja, akanipa. Zilituna kama mkate, na karatasi za ndani zikajitokeza nje kuliko za juu. Pini ya kawaida haifiki. Kupeleka kiwandani Mwanza kukagundishwa mgongo, fedha sina. Nilikuwa nimechacha vibaya, naishi kwa kibarua cha kupakia marobota.

Nikasema basi, ngoja nisubiri. Nitapeleka muswada kwa wachapishaji wakubwa wa Dar, wao watajua wenyewe.

Mzee hakubisha. Aliniuliza tu kama namjua Aniceti Kitereza. Nikasema namsikia. Akaelekeza mkono upande wa ziwa, maana Ukerewe si mbali na sisi, ukifika Lamadi unayaona maji yaleyale. Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Akasubiri. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Akasubiri tena. Tanzania Publishing House waliitoa mwaka 1980, juzuu mbili, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na mwaka 1981 mzee wa watu akafariki kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Miaka 35 na zaidi.

"Mimi sikwambii usisubiri," akasema. "Nakwambia mama yako ana miaka mingapi?"

Nilirudi nyumbani na muswada, sikulala. Hesabu ilikuwa wazi: kurasa 80, yaani karatasi 20, pini ingefika na mkunjo ungekubali. Nilitakiwa kuondoa kurasa 16 bila kugusa pointi, wala ledi, wala pambizo. Safari hii kilichotakiwa kupungua ni maneno. Wenzangu, mnajua ilivyo. Kila sentensi unaikumbuka uliiandika ukiwa wapi, kibatari kikiwa kimebakiza mafuta kiasi gani.

Sura ya nne ndiyo iliyoondoka. Kurasa 14. Ilikuwa ya Dar es Salaam, na vilabu vya usiku, na jambazi mwenye miwani myeusi, na Dar es Salaam yenyewe sijafika. Nilikuwa nimeitoa kwenye riwaya za wakubwa nilizosoma nikiwa sekondari. Nilipoitoa, sura ya tatu na ya tano zikashikana mikono kana kwamba hakukuwa na mtu kati yao. Sikufurahi. Niliumia kwamba hakuna kilichoumia.

Kurasa mbili zilizobaki zilitoka kwa wajane na yatima. Ndivyo wanavyoitwa, sitanii. Mstari wa kwanza wa aya ukibaki peke yake chini kabisa ya ukurasa, wenzake wote wamehamia ukurasa unaofuata, huyo ni yatima. Mstari wa mwisho wa aya ukivuka peke yake juu ya ukurasa mpya, wenzake wote wamebaki nyuma, huyo ni mjane. Nilikuwa nao kumi na tisa. Programu inaweza kuwahamisha yenyewe, lakini inaacha uwazi chini ya ukurasa. Mzee alinitaka niwahamishe kwa kalamu. Ukurasa wa 37 ulikuwa unaanza na maneno mawili peke yake: wakaondoka zao. Ili yarudi ukurasa wa 36 nilitakiwa kufupisha aya kwa mstari mmoja. Nikaisoma aya. Ilikuwa na kwa huzuni kubwa isiyo na kifani. Nikaifuta. Wakaondoka zao wakarudi kwa wenzao, na huzuni ikabaki vilevile, pengine ikazidi. Mjane wa pili nilimfutia kama ilivyokuwa desturi ya siku zote. Mpaka nafika wa kumi na tisa nilikuwa nimefuta kwa hakika sita, na mara moja akaangua kicheko cha kejeli.

Mwishoni tukatengeneza dami. Unakunja karatasi zako 20 tupu, unaandika namba kwa penseli kutoka 1 mpaka 80, kisha unazifungua. Unakuta 80 imekaa na 1 upande mmoja, 2 na 79 mgongoni mwake, na kurasa zinazokaa pamoja siku zote zinajumlishwa 81. Bila dami utachapa ukurasa wa 2 kando ya wa 3, na ukikunja, marehemu anazikwa kabla ya kuugua. Wala huhitaji PageMaker, ambayo haitengenezwi tena. Ipo Scribus, programu ya bure, na steshenari nyingi wana Word inayopanga kijitabu. Ila iambie unachotaka, kwa jina lake.

Nilichapa nakala 20, kwa fedha ya marobota. Nilikwenda dukani kulekule. Yule kijana akauliza, "Tupunguze herufi?" Nikamwambia pointi 11, ledi 14, pambizo ya ndani milimita 22, ya nje 18. Akanitazama kama anayeniona kwa mara ya kwanza, akavuta kiti.

Mama nilimpa asubuhi, kuepuka visingizio vya giza. Akavaa miwani. Akafungua. Nilijifanya natafuta jembe. Nilisikia ukurasa umefunuliwa. Baada ya muda mrefu, mwingine. Sufuria ya uji ilianza kuungua jikoni na hakuna aliyeinuka. Jua lilipofika juu ya mwembe bado alikuwa pale pale, kidole chake kinashuka mstari kwa mstari, hakirudi nyuma.

Kisha akaniita, kwa ile sauti ya risiti ya pamba.

"Hebu njoo hapa. Ukurasa wa ishirini na tatu. Umeandika hawa watu wanavuna pamba mwezi wa kumi na mbili?"

Nilikuwa nimeyasogeza mavuno ili harusi iangukie Krismasi.

"Mwezi wa kumi na mbili si ndiyo tunapanda?" akasema. "Umezaliwa wapi wewe?"

Nikaenda kutafuta kalamu.